Mtoto Ambaye Hajawahi Kuangushwa

Mimi nimekulia na kaka watupu, na nyumbani kwetu ukitaka kipande kikubwa cha mkate wa kumimina ilikuwa lazima kwanza umlaze mtu chini. Ndiyo asili ya mieleka yangu, msinitafutie nyingine. Ukubwani nikapata mafunzo ya mchezo wenyewe, pamoja na sheria zake na filimbi yake, na sasa kila Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri utanikuta kwenye ukumbi wa skuli moja pale Mpendae. Milango tunaifunga, mabuibui tunayatundika kwenye misumari, na watoto wa kike wanabwagana juu ya magodoro tuliyoyafunika turubali. Mwanamme haingii. Hata fundi wa feni alingojeshwa nje na ngazi yake mpaka tulipomaliza. Ukipita barabarani ukasikia zile kelele utadhani kuna harusi imeharibika, na mimi hakuna saa ninayoipenda kuliko hiyo.

Njia yangu ya kufundisha nimeiiba chuoni. Mama yangu alikuwa akisomesha Kurani uani kwetu, na kwake mtoto hakupimwa kwa umri wala kwa kimo, alipimwa kwa alichokijua. Akikwama kwenye Alifu atakaa na Alifu mpaka Alifu imkubali. Basi na mimi wangu nawaita mmoja mmoja, wenzake wanakaa pembeni, namwambia, "Njoo nisomee." Kusoma kwenyewe ni kuanguka. Kuanguka chali, kidevu kifuani, mikono ikapiga turubali, hiyo ndiyo Alifu. Kuanguka ubavu ndiyo Be. Asiyezijua hizo mbili hamshiki mwenzake, hata awe na nguvu za ng'ombe wa gari. Akikosea namwambia nisomee tena, na tena, mpaka anichoke.

Lakini ukiiba kitanda, unakibeba na kunguni wake. Akina mama waliposikia Alifu na Be, ikawapanda ile homa ya chuoni. Huku kwetu mama wawili wakikutana sokoni, salamu hazijesha mmoja keshasema wake yuko juzuu gani. Sasa ikawa hivyo hivyo kwa kuanguka. "Wangu mimi yuko kwenye Be." "Wa kwangu Be keshaipita zamani, mwenzangu, siku hizi anabwaga watu." Mimi nikiwasikiliza nikacheka, nikaona ni raha tupu.

Ndipo ikaja habari ya Kiwengwa. Mwalimu mwenzangu wa huko, mwanamke wa sauti ya taratibu ambaye huwezi kumsikia mpaka unyamaze, alinipigia simu kuniambia wanafanya mashindano ya watoto wa kike, ndani ya ukumbi, wanawake watupu. Madaraja yatakuwa mawili: wanaoanza na waliozoea. Hakuna atakayempima mtoto wa mtu. Kila mwalimu atasema mwenyewe wake ni wa daraja gani.

"Sisi wetu hawajui kitu, shoga yangu," akaniambia. "Watoto wa pwani tu hawa, wanacheza cheza mchangani."

Nikamuamini. Kwa nini nisimuamini?

Wangu wote nikawapanga na wanaoanza, maana mchezo wenyewe walikuwa na miezi nao tu, hata mwaka haujatimia. Nikawaambia mama zao. Lahaula, ungedhani nimewarudisha watoto wao Alifu mbele ya wakwe. Mama wa mtoto mmoja mwembamba, ambaye upepo wa feni unamyumbisha, aliniuliza kwa utaratibu kabisa, "Mwanangu mimi, awekwe na wachanga? Na majirani niwaambie nini?" Nikamwambia mpanda ngazi hushuka. Akanijibu kwamba ngazi imewekwa ipandwe. Wenzake wakaitikia, na wote wakaanza kusema kwa pamoja. Hasira zangu mimi ni za maziwa, zinapanda haraka na zinashuka haraka, lakini zikipanda zinamwagika. Nikawaambia haya, chukueni, waende wote kwa waliozoea, na wakibwagwa msije mkanililia. Moyoni nilijua kitu kimoja: kuanguka walikuwa wanakujua. Hakuna ambaye angeumia isipokuwa mama yake.

Isipokuwa mtoto mmoja. Huyo nilimng'ang'ania abaki chini.

Huyo alikuwa mtoto wa miaka tisa, mkubwa wa mwili, anakaa na bibi yake ghorofa ya juu kabisa kwenye majumba ya Michenzani. Maji yakikatika pale, na hukatika, yeye ndiye anayepandisha ndoo. Siku ya kwanza aliyomshika mwenzake alimuinua, akamzungusha, akamweka chini taratibu, kama mtu anayetua ndoo asiimwage. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumuangusha. Kumtikisa tu hakuna aliyeweza. Skulini kwao walikuwa wakimwita Pipa. Kwetu hakuna aliyemwita hivyo, nani angethubutu, na ndiyo sababu alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

Siku niliyoitangaza Kiwengwa alibaki nyuma akanisaidia kukunja turubali.

"Mwalimu," akasema, bila ya kuniangalia, "huko kutakuwa na watu wengi?"

Nikamwambia ukumbi utajaa.

"Basi wakinicheka mimi sirudi tena. Hata hapa sirudi."

Hakusema kwa kununa. Alisema kama mtu anayekuaga, kisha akashika pembe yake ya turubali akaniletea. Nikaipokea, nikaikunja juu ya yangu.

Kesho yake akaja bibi yake, na kwa magoti yale kushuka ghorofani si jambo dogo. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mjukuu wangu anawabwaga wote hawa," akasema. "Hawa wote wanakwenda juu, yeye unamuweka chini. Kwa nini, mwanangu? Kwa kuwa hana mama wa kumpigia kelele?"

"Bi Mkubwa, si hivyo. Wenzake wote washaangushwa, tena na yeye. Wanajua kunavyouma na wanajua kuwa kunapita. Yeye kila siku anajiangusha mwenyewe, hajaangushwa na mtu. Hajui. Siku atakayobwagwa nataka abwagwe taratibu, na mtoto mwenziwe asiyejua kitu, si na jitu lililozoea. Akibwagwa vibaya mbele za watu wakamcheka, mimi na wewe hatumpati tena."

Bi Mkubwa akajisugua goti. "Mimi nilitaka siku moja tu wamuite wa kwanza," akasema.

Nikamwambia hata mimi nataka hivyo hivyo. Akakubali, ila kwa sharti kwamba naye atakwenda Kiwengwa, na atakaa mbele.

Tulikodi kosta, tukaimba tangu Mpendae mpaka tunafika. Dereva aliomba tumpumzishe masikio, tukamuimbia yeye. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa skuli, karibu na pwani, mwani umeanikwa mpaka karibu na mlango, na madirishani wametundika kanga ili asichungulie mtu. Wenyeji wakatupokea kwa chai ya tangawizi, mihogo na pweza, na kila mama wa pale alikuwa akituomba radhi. Radhi ukumbi mdogo. Radhi chai haikukolea. Radhi watoto wetu hawajui kucheza, mtatustahamilia. Mama zetu wa mjini wakazipokea radhi zote, moja baada ya moja, na kila wakipokea mabega yakizidi kutanuka.

Kisha mwalimu mwenyeji akaomba watoto wajipange, waliozoea kulia, wanaoanza kushoto. Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Kulia walikwenda watoto wa Mpendae, na wa vikundi vingine vya mjini, wote kwa madaha. Kushoto wakaenda watoto wa pwani. Wote, hakubaki hata mmoja. Na katikati yao amesimama mtoto wangu mimi, peke yake.

Ndipo nikawatazama vizuri. Nikaitazama mikono yao, na jinsi walivyosimama, vidole vya miguu vimeshika chini. Hawa ni watoto wanaowasaidia mama zao kuburura kamba za mwani zilizolowa, na kazi ikisha wanabwagana mchangani mpaka waitwe ndani, tangu hawajaota meno ya pili. Ila mashindano hawajapata kuingia. Na kwa adabu za shamba, nani atasimama mbele ya mgeni aseme mimi nimezoea? Basi wao, kwa unyenyekevu, wote wakawa wanaoanza. Na sisi, kwa majivuno, wote tukawa wazoefu. Kule juu hakukuwa na mzoefu hata wa dawa.

"Mbona uliniambia hawajui kitu?" nikamnong'oneza mwenyeji wangu.

"Hawajui," akasema, na wallahi alikuwa akisema kweli anavyoiona yeye. "Hata viatu vya mchezo hawajapata kuvaa."

Upande wa waliozoea filimbi ikalia. Watoto wangu wakashikana mabega wakawa wanazunguka, wanazunguka, kama watu waliodondosha sindano. Mmoja mtandio ulimfunguka, mpinzani wake akaacha mchezo akamfunga. Yule mwembamba alimuangusha mwenziwe kwa bahati, akamuomba msamaha, na mama yake akapiga kigelegele mpaka akapaliwa na chai. Na juu ya vichwa vyao, kwenye kanga ya dirishani, paliandikwa kwa herufi kubwa: Mpanda ngazi hushuka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha nikakumbuka upande wa pili, kicheko kikanikatika.

Mpinzani wa mtoto wangu alikuwa kitoto, hakimfiki begani. Nikashusha pumzi, nikamgeukia Bi Mkubwa nikamfanyia ishara kwamba usalama upo. Filimbi ikalia. Kile kitoto kikapotea. Kilipoonekana tena kilikuwa kimeshamkumbata mtoto wangu kiunoni, kikamtia mtama, na mtoto ambaye hajawahi kuangushwa na mtu akaenda juu, nyayo zikaangalia dari, akatua puu. Magodoro yakatoa vumbi la tangu yalipoletwa.

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko cha ukumbi mzima ni kicheko cha ukumbi mzima, mtoto hatakipambanua. Bi Mkubwa akasimama. Mimi nilikuwa nshafika kwenye turubali, kanga inaburura, nikijiambia yamekwisha, huyu nshampoteza, na aliyempoteza ni mimi kwa akili zangu nyingi za madaraja.

Alikuwa amelala chali. Kidevu kifuani, mikono imefunguka pembeni. Alifu safi, tena safi kuliko zote alizowahi kunisomea. Tumbo lilikuwa likimtikisika, nikadhani analia. Nikainama, nikaona meno.

"Mwalimu," akasema, hana pumzi, "umeniona nilivyoruka?"

Akainuka, wakashikana tena, kile kitoto kikampeleka juu tena, na safari hii alianza kucheka angali hewani. Mwamuzi mwenyewe, msichana wa pale pale, ilibidi ageuke ukutani apate kupuliza filimbi sawasawa.

Mwalimu mwenyeji akanijia, uso umemsawijika kwa haya.

"Tuwie radhi, shoga yangu. Huyu mwanao si wa hapa. Bado kuna nafasi kule kwa waliozoea, tumpeleke akacheze na wenzake."

Nikatazama kulia. Wote wale alishawatua chini mara nyingi, mmoja mmoja, bila ya kumwaga tone. Medali ya kule ilikuwa yake kabla ya adhuhuri. Nikatazama kushoto. Walikuwa bado wawili wa kukutana nao, wakubwa kuliko kile kitoto, nao walikuwa wakijinyoosha vidole polepole.

"Mpeleke," akasema Bi Mkubwa, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Mpeleke juu, mwanangu. Siku moja tu nilisema."

Mkono wangu ulishanyooka kumchukua. Kisha nikaona kuwa tangu Mpendae tumegombana kuhusu madaraja, mama zao na mimi, mimi na Bi Mkubwa, na sasa mwenyeji ameongezeka, na katika sisi sote hakuna anayekwenda kuanguka. Anayeanguka alikuwa amesimama pale, anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Nikamuuliza yeye anataka wapi.

Alitazama kule kulia, ambako yule mwembamba alikuwa akiomba msamaha tena. Akatazama kushoto, ambako kile kitoto kilikuwa kimerudi kwenye mstari na kinampungia mkono.

"N'nabaki hapa hapa," akasema. "Kule juu hakuna watu."

Bi Mkubwa akakaa. Akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika, nami kwa mara ya pili siku ile nikadhani mtu analia. Hakuwa akilia. Alicheka mpaka mama wa mwani waliokaa naye wakampa maji, na wao hawajui anacheka nini, wakacheka naye.

Basi akabaki. Akabwagwa na wa pili, akabwagwa na wa tatu, na kila akitua anatua vizuri zaidi, na watu wakicheka yeye keshawatangulia. Yule wa tatu, msichana mpana aliyekuwa hasemi na mtu, alimtoa jasho, maana mara moja mtoto wangu alimpata. Alimnyanyua, akamzungusha, akamtua chini taratibu asimmwage, na mama wa pwani wakasimama wote wakampigia vigelegele mtoto wa wageni kuliko walivyowapigia wa kwao. Kisha yule mpana akainuka akambwaga vizuri na mchezo ukaisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo tunavyosema, lakini mimi sijapata kuona mtu akikubali kwa raha ile.

Kurudi, wenye medali walikaa mbele. Mama zao walizishika shika, wakazisifu, lakini hakuna aliyetaja neno kuzoea, maana sote tulikuwa na macho. Yule mama wa mtoto mwembamba alinigeukia karibu na kufika mjini, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wake anaweza kurudi kidogo kwenye Be. Nikamwambia mlango uko wazi. Nyuma kabisa mtoto wangu, asiye na medali, alikuwa akimuonesha bibi yake jinsi kile kitoto kilivyomtia mtama.

"Bibi, weka mguu hivi."

"Nitauweka wapi, na mimi nshakuwa mtu wa kiti?"

"Weka tu, sikubwagi."

Lakini kicheko cha pale ukumbini ni kimoja, na Jumatatu ya skuli ni nyingine. Kule kuna wale wanaomwita Pipa, na habari za Kiwengwa zingefika, Unguja hii habari haihitaji gari. Alisema wakinicheka sirudi, na walimcheka, watu wazima na watoto. Wiki nzima nilikuwa nikipika chakula kinaungua. Nilitaka kupanda Michenzani kumuuliza, nikajizuia, maana mtoto akiombwa arudi atarudi kwa adabu tu, na mimi adabu zake sikuzitaka.

Jumamosi nilikwenda mapema, alasiri haijaadhiniwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ukumbi, buibui mwilini, viatu keshavivua kaviweka pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nibwage."

Nikamwambia aniachie nifungue mlango kwanza. Tukaingia, tukatandika magodoro, tukavuta turubali, tukasali alasiri yetu kwenye kona. Alipomaliza tu akasimama katikati akaningoja.

"Ngoja wenzako waje," nikamwambia.

"Wao hawawezi. Wewe umekulia na kaka."

Ningefanya nini? Nilijifunga kanga kiunoni. Nilikumbuka mkate wa kumimina. Nikamkumbata kama kile kitoto kilivyomkumbata, nikaweka mguu, nikavuta kwa nguvu zote nilizojaaliwa, na akaenda. Wallahi akaenda. Lakini hakuniachia, kwa hivyo na mimi nikamfuata, nyayo juu, kichwa nyuma, mikono sijui niliiacha wapi, puu. Tukalala pale tukiangalia feni, tunacheka mpaka machozi, na mimi nikihesabu mifupa yangu kimoyomoyo.

Yeye aliinuka wa kwanza. Akasimama juu yangu, mikono kiunoni, uso mkavu kabisa.

"Mwalimu, hiyo Alifu siyo," akasema. "Nisomee tena."